Asidi ya Matunda Chini ya Jua la Kalamba

Kuanzia Novemba hadi Machi, Kalamba hunukia maembe. Hapa ndipo Kaunti ya Makueni, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, ilipojenga kiwanda cha kusindika matunda ili mavuno ya wakulima yasiwe yakioza chini ya miti kila msimu. Maembe huingia kwa kreti na kutoka yakiwa rojo. Ndani ya rojo hilo mna asidi ya sitriki na asidi ya maliki, zile zinazousisimua ulimi embe likiwa halijaiva sawasawa. Ndugu zao huuzwa Nairobi, kwenye maduka ya vipodozi ya Dubois Road na kwenye kurasa za simu, ndani ya vichupa vyenye herufi tatu: AHA. Ukilipa kwa M-Pesa asubuhi, kifurushi hupakiwa kwenye matatu ya kwenda mji wa Wote, na kabla ya jua kutua kimefika Kalamba, mikononi mwa msichana aliyeambiwa kwamba madoa yake yatakwisha.

Herufi hizo ni ufupisho wa asidi za alfa haidroksi. Wengi huziita tu asidi za matunda. Mengi yamekwisha kusemwa juu yake na watu wanaoishi Seoul, London na Toronto, penye baridi na maji ya bomba. Ninachotaka kuuliza ni kama zinamfaa anayeishi karibu digrii mbili kusini mwa ikweta, mwenye ngozi nyeusi, anayenawa kwa maji ya mtungi. Naamini zinamfaa. Ila naamini pia kwamba tumezipeleka mahali pasipozihitaji sana na tukapasahau panapozililia.

Ukambani kuna karibu ukoo mzima wa asidi hizi, na watu wamezila tangu zamani bila kuzijua kwa majina ya maabara. Ukwaju, ambao Wakamba huuita nthumula, umejaa asidi ya tartariki. Unga mweupe wa ubuyu una sitriki, tartariki na maliki. Maziwa yaliyolala kwenye kitete mpaka yakaganda yana asidi ya laktiki, na uji uliochachushwa pia unayo. Machungwa ya Makueni yana sitriki. Muwa una asidi ya glaikoliki, iliyo ndogo kuliko zote kwa umbo la molekuli na kwa hiyo huzama ndani ya ngozi upesi zaidi. Mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, ndiye aliyezitenga nyingi kati ya hizi moja moja: tartariki mwaka 1769, laktiki kutoka kwa maziwa machachu mwaka 1780, sitriki mwaka 1784 na maliki mwaka 1785.

Lakini jina la asidi za matunda linawapotosha watu, na hapa nataka kusimama kidogo. Asidi iliyo ndani ya chupa ni nadra sana kutoka kwenye tunda. Glaikoliki ya viwandani hutengenezwa kwa kemikali. Laktiki hupatikana kwa kuchachusha sukari au wanga wa mahindi. Sitriki hutolewa na ukungu unaolishwa sukari ndani ya matangi makubwa. Hakuna ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa molekuli ni ile ile, na ya kiwandani ina faida moja kubwa: imepimwa. Limau halijapimwa. Juisi yake huwa na asidi ya sitriki ya asilimia tano au sita, na pH yake, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi ukali, ni kama 2, kiwango ambacho mtengenezaji yeyote makini hawezi kukiweka kwenye chupa ya kupaka usoni. Tena maganda ya limau na ndimu yana kemikali nyingine ambazo, zikikutana na jua juu ya ngozi, huunguza na kuacha weusi unaokaa kwa wiki au miezi. Kwa hiyo anayejisugua limau na sukari usoni kisha akaenda shambani, kwa kuamini kwamba cha asili hakidhuru, amechagua njia kali kuliko ya dukani.

Watoto wa Kalamba wanalijua hili bila kufundishwa. Wakila maembe mabichi, utomvu unaochuruzika kwenye kikonyo huwaunguza pembeni mwa midomo. Utomvu huo si asidi ya matunda. Ni jamaa ya sumu iliyo kwenye ganda la korosho, kwa kuwa mwembe na mkorosho ni mbari moja. Lakini mtazame mtoto huyo baada ya wiki mbili. Kidonda kimepona, na pale kilipokuwa pana doa jeusi litakaloondoka polepole sana. Hivyo ndivyo ngozi nyeusi inavyojibu karibu kila inapoudhiwa, iwe kwa chunusi, kuungua, wembe au kwa kipodozi kikali: chembechembe zinazotengeneza melanini hushtuka na kumwaga rangi. Usipolielewa doa la utomvu, hutaelewa kwa nini chupa iliyonunuliwa kuondoa madoa inaweza kuyaongeza.

Asidi hizi hufanya nini hasa? Ngozi ya juu kabisa ni tabaka la seli zilizokufa, zimeshikamana kama vigae. Kila baada ya wiki nne hivi kwa mtu kijana, seli mpya husukumwa juu na za zamani hupukutika. Kwa wengine kupukutika huko hukwama, ngozi ikawa ngumu, ikafifia, vinyweleo vikaziba. Asidi hulegeza gundi iliyo kati ya vigae, navyo vikaachia. Zaidi ya hapo, laktiki huvuta maji na kuyashika, ndiyo maana ngozi iliyopakwa laktiki huwa laini, na sababu si kubambuka pekee.

Waliolionyesha hili kwa sayansi ni Eugene Van Scott na Ruey Yu, nchini Marekani, katika makala yao ya mwaka 1974. Wao hawakuwa wanatafuta uso wa kung'aa. Wagonjwa wao walikuwa na ikithiosi, maradhi ya kurithi yanayoifanya ngozi iwe na magamba kama ya samaki. Walipopakwa asidi hizi, magamba yaliachia. Biashara ya urembo ilikuja baadaye, ikashika kasi miaka ya 1990. Naomba msomaji aikumbuke miguu na mikono ya wagonjwa wale wa kwanza, maana nitairudia.

Nguvu ya chupa haisomwi kwa asilimia peke yake, na hili wauzaji wengi hawalisemi. Asidi hufanya kazi ikiwa huru, na uhuru wake hutegemea pH. Glaikoliki kwenye pH ya 3.8 iko huru kwa nusu hivi. pH ikipanda hadi 5, inayobaki huru ni chini ya sehemu moja ya kumi. Chupa ya asilimia 10 yenye pH ya 5 basi ni dhaifu kuliko ya asilimia 5 yenye pH ya 3.8, tena kwa mbali. Ndiyo maana jopo la wataalamu wa vipodozi wa Marekani, lilipozipima asidi hizi miaka ya 1990, lilitaja mambo mawili pamoja: kwa matumizi ya nyumbani, isizidi asilimia 10 na pH isishuke chini ya 3.5. Kwa saluni zenye mafunzo ziliruhusiwa hadi asilimia 30, kwa muda mfupi na kuoshwa. Ulaya walikuwa waangalifu zaidi. Kamati yao ilipendekeza glaikoliki isizidi asilimia 4, na laktiki asilimia 2.5. Ukiona kichupa kisichotaja pH wala asilimia, kimeandikwa tu kwamba kina asidi za matunda, ama hakina nguvu yoyote ama kina nguvu usiyoijua, na la pili ndilo la kuogopa.

Sasa tuje kwenye jua, na hapa ndipo ninapokaza sauti. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaeleza kwamba watu waliopaka asidi hizi kwa wiki nne ngozi zao zilikuwa nyepesi kuwa nyekundu kwa jua kwa asilimia 18 zaidi, na madhara ndani ya seli yaliongezeka takriban maradufu. Walipoacha kupaka, hali ilirudi kawaida baada ya wiki moja. Tangu mwaka 2005 mamlaka hiyo inapendekeza kila chupa iwe na onyo la jua, na kwamba mtu ajikinge anapoitumia na kwa wiki moja baada ya kuacha.

Mara nyingi nimesikia kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga. Ukweli una pande mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulikadiria kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya asili ya kiwango cha 13 hivi, wakati nyeupe ina 3 hivi. Ni baraka kubwa, na hutuepusha na saratani nyingi za ngozi. Lakini kinga hiyo haizuii madoa. Mwanga wenyewe unaoonekana kwa macho huchochea melanini kwenye ngozi yetu. Mtu anayebambua tabaka la juu usiku kisha akashinda juani bila kinga anakuwa kama aliyefagia ua upepo ukivuma.

Tatizo ni bei. Chupa ya krimu ya kukinga jua iliyo nzuri huuzwa Kenya kwa zaidi ya shilingi elfu moja mara nyingi, na ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa, mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, huisha upesi. Kwa anayelipwa kibarua cha siku, hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Tena nyingi huacha weupe kama majivu usoni. Msimamo wangu ni kwamba asiyeweza kununua kinga asinunue asidi ya uso. Kama fedha zinatosha chupa moja tu, iwe ile ya kukinga. Na kama hata hiyo haitoshi, leso kichwani, kofia pana na mwavuli ambao akina mama wa Ukambani hutembea nao mchana ni kinga halisi isiyoisha.

Jambo hili tumelijifunza kwa uchungu kutoka kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la uhai. Moshi, upande wa pili wa Kilimanjaro, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, na huko hutengenezwa krimu ya Kilisun kwa ajili yao. Kenya nayo, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, huwagawia krimu bure. Kwa hiyo ujuzi wa kutengeneza kinga upo hapa kwetu. Ningependa sana kuona siku ambayo krimu ya kukinga jua, yenye rangi ya udongo inayofanana na ngozi zetu, inauzwa kwa bei ya sukari.

Maji ni kikwazo kingine, na sijaona maelezo ya chupa yoyote yakikitaja. Visima vingi vya Makueni na Kitui hutoa maji ya chumvi, sabuni haitoki povu. Wengi hunawa uso kwa sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia, yenye pH ya 9 au 10, ilhali ngozi yenyewe hupenda kukaa karibu na 5. Ngozi iliyotoka kuoshwa hivyo imekauka na imekazana, na hukaa saa kadhaa kabla ya kutulia. Ukiipaka asidi papo hapo, itawaka. Ni heri kunawa jioni kwa maji ya mvua yaliyokingwa tangini, bila sabuni kali, kukausha uso kabisa, kusubiri, ndipo kupaka.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri watu wa hapa kile kimiminiko chekundu cha chapa ya The Ordinary kilichopata umaarufu mkubwa mitandaoni, chenye asilimia 30 ya asidi hizi na asilimia 2 ya asidi ya salisiliki. Watengenezaji wenyewe wanasema kisizidi dakika kumi usoni, na kitumiwe na waliozoea asidi. Dakika kumi zikiisha, unahitaji maji mengi na safi ya kuosha, wala si kikombe kimoja cha kukadiria. Losheni hafifu inayobaki kwenye ngozi, laktiki ya asilimia 5 kwa mfano, haidai maji hayo, na inasamehe makosa.

Kuna majira pia. Ukambani, Juni hadi Agosti huwa na mawingu na ubaridi, na miguu hupauka. Huo ndio wakati mzuri wa kuanza: usiku mmoja kwa wiki, kisha miwili, na mafuta mazito ya kujipaka juu yake. Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya kukamulia ng'ombe na ambayo Wakenya wameifanya yao ya midomo na viganja, inafaa kabisa kuifungia ngozi maji. Anza kwa kujaribu nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku chache. Kuwasha kidogo kwa dakika moja mbili ni kawaida. Kuwasha kusikokoma, au wekundu unaogeuka weusi, ni amri ya kuacha. Na usichanganye usiku mmoja na retinoli au na kitambaa kigumu cha kusugulia. Kuanza kupaka Februari, wakati wa kuvuna maembe tangu asubuhi hadi jioni, ni kujitafutia madoa.

Siwezi kuandika haya bila kuugusa mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi. Asidi za matunda haziui melanini. Hupunguza doa kwa kuliharakisha lipukutike, na ngozi hurudi kwenye rangi yake yenyewe, wala haivuki hapo. Anayekuahidi weupe kwa chupa ya AHA ama anakudanganya ama ametia kitu kingine ndani. Vitu hivyo vingine tunavijua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wagonjwa 60 wa figo, zaidi ya nusu wakiwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi haidrokwinoni inavyoacha weusi wa samawati usiotoka, na nchi hiyo ikapiga marufuku krimu zenye kemikali hiyo mwaka 1990. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, limekataza zebaki, haidrokwinoni na steroidi katika vipodozi, lakini bado zinapita kwa mlango wa nyuma. Aliyewahi kutumia krimu ya steroidi ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi. Hata asidi hafifu kabisa itamchoma. Huyo aende kliniki kwanza. Na kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, uihakiki nambari yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Wanaume nao wana fungu lao, ingawa matangazo huwasahau. Nywele zetu zilizojikunja zikinyolewa chini sana hurudi ndani ya ngozi na kuotesha vipele vya kidevu na shingo, kero inayojulikana kwa kila kinyozi. Ripoti iliyochapishwa Marekani mwaka 1993 ilionyesha kwamba losheni ya glaikoliki ilipunguza vipele hivyo kwa zaidi ya nusu, na waliojaribiwa waliweza kunyoa kila siku. Hapa faida ni wazi kuliko hadithi za kung'aa.

Na sasa ile miguu. Nenda sokoni siku ya soko, utazame chini ya meza za nyanya na pojo. Utaona magaga: visigino vilivyopasuka mpaka damu, kwa vumbi, kwa viatu vilivyokwisha, kwa miaka ya kutembea kuteka maji. Utaona miundi iliyokauka ikawa na magamba. Hii ndiyo ngozi ambayo Van Scott na Yu waliishughulikia. Losheni ya laktiki ya asilimia 12 imekuwa dawa ya ngozi ya namna hii huko Marekani tangu miaka ya 1980, na krimu za laktiki na yurea hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Kisigino ni kigumu, hakina haraka ya kuota madoa, na viatu hukikinga na jua. Hatari zote nilizozitaja juu ya uso hapa ni ndogo, na nafuu ni kubwa: anayeweza kukanyaga chini bila maumivu hufika shambani mapema. Lakini hakuna anayemuuzia mama wa sokoni losheni hiyo.

Tahadhari ni chache. Usipake kwenye mpasuko ulio wazi, kwa kuwa itachoma vikali. Uzibe kwanza kwa mafuta mazito siku kadhaa mpaka uungane. Mwenye kisukari asijitibu miguu nyumbani, aonwe zahanati.

Mjukuu mmoja ninayemfahamu aliagiza losheni ya laktiki kwa ajili ya uso wake, ikamuwasha, akaiweka kando. Julai ilipofika alikaa jioni mbele ya bibi yake na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Susu, lete mguu."

"Hiyo si ya uso, mwana wakwa?"

"Ilikuwa ya uso."

Alimpaka laktiki, juu yake Arimis, kisha akamvisha soksi kuukuu za shule. Wiki ya tatu bibi alisema shuka haikwami tena visiginoni anapojigeuza kitandani.